Mtu Aliyelegeza Daraja

Katika mji wa Nyakitope, upande wa bara wa delta ya Rufiji, yupo mtu anayeitwa Nahodha Bwanaheri ambaye hajapata kushika usukani wa chombo chochote. Ujana wake aliupitisha katika mashua iliyochukua boriti za mikoko kutoka Kiongoroni, na kazi yake mle ilikuwa kufua ngama, yaani kukaa chini kabisa ya chombo, akiteka kwa kopo maji yanayopenya kwenye mbao na kuyamwaga nje. Ni kazi ya lazima. Mashua isiyo na mfua ngama huzama. Lakini hakuna aliyemsikia Bwanaheri akiisifu. Alipoacha bahari alishuka pwani na cheo alichojipa mwenyewe, na watu wa Nyakitope, ambao hawana haja ya kugombana na mtu kwa jambo dogo, wakamwita hivyo hivyo. Walilitamka neno hilo kama watu wanavyomwita mfupi "Mzee Mrefu". Yeye akaitika.

Umbo lake halikumsaliti. Ni mrefu, ana kifua, na amejifunza kusimama mikono ikiwa nyuma na macho yakiwa juu, kama mtu anayesoma mawingu. Mvua ikishanyesha huwaeleza watu kwa nini ilikuwa lazima inyeshe. Kwenye benchi la kahawa hutoa hukumu juu ya kila chombo kinachofunga gati: hiki kimepakiwa vibaya, kile kamba zake zimefungwa na vipofu. Manahodha wa kweli humsikiliza, humaliza kahawa yao, na kwenda kazini.

Mkewe, Sikudhani binti Abdala wa Mbwera, alivumilia muda mrefu kuliko ilivyostahili. Alilima mpunga, akasuka mikeka, akamlea binti yao Zena mpaka akaolewa, huku mumewe akisoma mawingu. Paa lao lilipoanza kuanguka vipande vipande alimwomba apande alitengeneze. Bwanaheri alimjibu kwamba kuezeka makuti ni kazi ya makuli. Sikudhani alifunga nguo zake akarudi kwa baba yake Mbwera. Hakudai talaka. Alisema tu, mbele ya mashahidi:

"Siku Baba Zena atakapokuwa na nyumba isiyovuja, aniite. Nitarudi kwenye nyumba. Kwenye hadithi nimeshakaa."

Mambo yalikaa hivyo mpaka lilipokuja daraja.

Nyakitope imekatwa katikati na mkono wa mto uitwao Lukonde. Upande mmoja upo msikiti, soko na nyumba za wafanyabiashara wa zamani. Upande wa pili ndiko inakoishia barabara ya Kibiti. Kabla ya daraja, malori ya mpunga kutoka Mtawanya yalisimama ng'ambo, na magunia yakavushwa kwa mitumbwi. Miaka michache baada ya vita vya pili Serikali ilimtuma Mzungu wa barabara, kijana mwekundu aliyepima kila kitu, hata urefu wa benchi la kahawa, na ambaye kwa hiyo aliitwa Bwana Futi. Bwana Futi aliona upesi kwamba tope la Lukonde humeza nguzo yoyote inayosimikwa ndani yake. Basi akajenga bila nguzo mtoni. Alisimamisha mnara wa chuma kwenye kila ukingo, na kutoka vichwa vya minara akashusha nyaya nene, zilizobaki vitani, zikateremka mshazari na kuishika sakafu ya mbao ikiwa juu ya maji. Nyaya nyingine zilishuka nyuma ya minara, nchi kavu, zikafungwa kwenye zege kwa skrubu kubwa nene kama mkono wa mtu. Ukiizungusha skrubu kulia, waya unakaza. Ukiizungusha kushoto, unalegea. Lori moja moja liliweza kupita. Watu walikuja kutoka visiwani kulitazama, na kusema kweli lilikuwa daraja zuri.

Likatakiwa kupata mlinzi. Bwana Futi alikuwa na mkalimani, karani Husseini, kijana makini aliyesoma mpaka darasa la kumi. Lakini Bwana Futi alipenda kusema Kiswahili yeye mwenyewe, na aliyepata kukisikia hakukisahau. Alisimama mbele ya watu akauliza:

"Nani jua kamba?"

Alikusudia nyaya. Neno alilokuwa nalo ni kamba.

Nyakitope haikosi watu wanaojua kamba. Siku hiyo walikuwa kazini. Aliyekuwa hana kazi alikuwa Bwanaheri, naye alipiga hatua mbele na mikono yake nyuma.

"Miye ni nahodha," alisema. "Kamba nimezaliwa nazo."

Husseini alifungua kinywa kusema neno. Bwana Futi alimpungia mkono anyamaze, akamwongoza Bwanaheri hadi kwenye skrubu, akamkabidhi spana ndefu kama mchi, na kumpa mafunzo yote aliyopata kumpa.

"Wewe tazama kamba. Kamba kaza, kamba legea, wewe tengeneza. Sawasawa?"

"Sawasawa, Bwana."

Kisha Husseini aliruhusiwa kueleza masharti. Kwa sasa Bwanaheri atakuwa kibarua. Masika yakipita na daraja likawa zima, kazi itakuwa yake moja kwa moja, pamoja na kofia ya Serikali na nyumba ya mlinzi iliyokuwa imejengwa kando ya mnara. Ile nyumba ilikuwa na chumba kimoja na ukumbi, sakafu ya saruji, na paa la bati. Bwanaheri aliitazama mara moja tu, na siku ile ile alituma salamu Mbwera: mwambieni Mama Zena masika yakiisha aje, bati ninalo.

Ikumbukwe basi alichokuwa akikitafuta. Hakutafuta makuu. Alihitaji kulitazama daraja miezi michache bila kuliharibu, apate nyumba na mke. Punda angeweza kuifanya kazi hiyo, kwa kufungwa pale pale.

Kiangazi kilipita salama kwa sababu Bwanaheri hakufanya lolote. Alitembea juu ya daraja asubuhi na jioni, spana begani, akizipigapiga nyaya na kusikiliza zinavyolia. Aliwakataza wanawake kusimama katikati na ndoo zao, akisema wanalielemeza upande. Dereva wa lori la Mtawanya, Doto, mtu mwembamba mwenye mdomo usiolala, hakuacha kumchokoza kila alipopita. Jina la kamba, yule mdudu wa majini ambaye delta humvua, humkausha na kumla kwa wali, lilimpa nafasi asiyoweza kuiacha.

"Nahodha! Leo umelinda kamba wangapi?"

"Pita, usinichafulie njia."

"Naona wengine wametoroka. Au umewakaanga?"

"Doto, weye ni mtu wa gurudumu. Mambo ya kamba hayakuhusu."

"Hayanihusu mpaka niwe katikati ya mto, mzee wangu. Hapo yananihusu sana."

Benchi la kahawa likicheka, Bwanaheri alitazama mawingu.

Masika yakaja. Hapa ndipo inapobidi kueleza jambo ambalo mtu wa bara huenda asilijue. Kamba ya makumbi ya nazi, ikilowa, hufupika. Hujivuta na kukaza mpaka iking'oe kilichofungiwa. Kwa hiyo mvua inapotisha, baharia huzunguka chomboni akizilegeza kamba zinazoshika mlingoti, na mwanamke nyumbani hulegeza kamba ya kuanikia nguo. Ni elimu nzuri, na mtu yeyote wa visiwani huipata kabla hajaota meno ya pili. Haina uhusiano wowote na chuma.

Bwanaheri aliambiwa daraja ni la kamba. Katika maisha yake ya chomboni hakupata kuruhusiwa kugusa kamba za mlingoti. Aliwatazama wengine wakizilegeza, kutoka chini, na kopo mkononi. Sasa mvua ya kwanza ilipiga, na hapakuwa na mtu wa kumwambia arudi ngamani. Alitoka na spana yake akazunguka kila skrubu, ukingo huu na ukingo ule, akiizungusha kushoto. Mvua ilipozidi, alizidi. Na kwa kuwa ilikuwa ikipiga kutoka upande wa juu wa mto, alizilegeza za upande huo kuliko za upande wa chini. Kila siku ya mvua alifanya hivyo, na ilikuwa masika ya mvua nyingi.

Sakafu ikaanza kushuka katikati kama kitanda cha kamba kilicholaliwa na watu wengi. Ikainama kidogo upande mmoja. Watu waliokuwa wakivuka walijikuta wakishika waya.

"Nahodha, linacheza," walimwambia.

"Linapumua," alijibu. "Mlizoea kuliona limebanwa."

Sikudhani hakungoja masika yaishe. Alikuwa amewahi kudanganywa kwa ahadi za mbali, hivyo alikuja kwa mtumbwi kuiangalia ile nyumba kwa macho yake. Aliiona, akaingia, akaipapasa sakafu kwa mguu, akakaa kwenye kizingiti akisikiliza mvua juu ya bati bila tone kumgusa. Waliokuwapo wanasema alitabasamu. Kisha akamwona mumewe akirudi kutoka kwenye skrubu, amelowa chapachapa, spana begani.

"Ulikuwa ukifanya nini huko, Baba Zena?"

"Kulegeza. Mvua hii, zisipolegezwa zitakatika zote."

Sikudhani aliinuka akaenda mpaka kwenye waya, akauweka kiganja.

"Hiki si chuma?"

"Ni kamba ya chuma."

"Ni chuma." Alirudi barazani, akakamua kanga yake. "Nina sufuria kule kwetu, naiosha kila siku ya Mungu tangu nilipoolewa. Kama chuma kikilowa kinafupika, sufuria yangu ingekuwa imeshakuwa kijiko."

Kwenye benchi la kahawa, ambalo wakati wa mvua huhamia chini ya baraza ya duka jirani, walisikia. Wazee wawili walimwaga kahawa zao. Bwanaheri alisimama katikati ya mvua na vicheko, na ni vigumu kuamini kwamba hakuelewa. Mfano wa sufuria unaeleweka na mtoto. Mkewe alipomkaribia akasema naye kwa sauti ya chini, alisema kama mtu anayetaka kuokoa kitu, si kama mtu anayetaka kushinda.

"Zirudishe, mume wangu. Hakuna atakayekuuliza. Nenda sasa hivi uzirudishe, nami nitaleta vyombo vyangu hata kesho."

Bwanaheri alichukua spana. Alitembea hadi kwenye skrubu iliyo karibu na baraza, mbele ya macho ya benchi zima, akaiweka spana juu yake.  Kulia kulikuwa na mke, nyumba na daraja. Akaizungusha kushoto, mizunguko mizima, kwa nguvu zake zote, kisha akageuka awaone kama wameona.

Makosa ya mtu asiyejua ni ya kawaida, na Nyakitope ingemsamehe hayo. Lakini safari hii moja aliizungusha spana akijua.

Sikudhani hakuondoka. Mto ulikuwa umefura na mtumbwi uliomleta haukuthubutu kurudi. Alikaa nyumbani kwa mtu mwingine, si katika nyumba ya mlinzi.

Haikupita muda, Doto akafika ng'ambo na lori lake. Alikuwa amepakia mpunga, na juu ya magunia alikaa Bi Mwajabu, mfanyabiashara wa Mtawanya, mwanamke mnene mwenye heshima zake, amejifunika turubai. Doto alisimamisha lori kwenye kichwa cha daraja, akashuka na kulitazama.

"Nahodha!" alipiga kelele kuvuka maji. "Daraja lako mbona limelala?"

"Limepumzika! Pita!"

"Limepumzika kwa ubavu!"

"Unaogopa, rudi Mtawanya! Waachie njia wanaume!"

Doto alimwomba Bi Mwajabu ashuke avuke kwa miguu. Bi Mwajabu aliitazama mvua, akaitazama sakafu iliyoinama, akasema kwamba kwa miguu ataogopa zaidi. Doto aliingiza gia.

Magurudumu ya mbele yalipofika katikati, sakafu ilizama upande wa juu wa mto. Haikukatika. Hakuna waya hata mmoja uliokatika; zilikuwa nyaya nzuri. Iliinama tu, taratibu, kama sinia mkononi mwa mtu aliyesinzia, na lori likaegemea nyaya likabaki hapo likining'inia. Magunia yaliteleza mtoni moja baada ya jingine, na Bi Mwajabu pamoja nayo. Doto alitoka kupitia dirishani, akaukumbatia waya.

Maji yalimchukua Bi Mwajabu mpaka kwenye mikoko ya ukingo wa mji, akashika mizizi, maji yakimfika kidevuni. Mto ule una mamba, na kila aliyesimama ukingoni alilijua hilo. Ndiyo maana wote walisimama ukingoni. Walitafuta kamba, walitafuta upondo wa kusukumia mtumbwi, waliitana kwa majina.

Bwanaheri alitupa spana akaingia majini.  Tope lilimfika kifuani, akaenda nalo kama mtu aliyezoea kufanya kazi ndani ya maji machafu akiwa ameinama, na kwa kweli ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote. Alifika kwenye mizizi, akageuza mgongo, akamwambia Bi Mwajabu amshike shingo, akambeba kama gunia mpaka nchi kavu. Akamweka chini, akarudi nyuma, akaokota spana yake. Watu walipokuja kumshika mkono alikuwa ameshaipandisha begani na anatazama mawingu.

Bwana Futi alikuja mto ulipopungua, na pamoja naye Husseini. Alizikagua skrubu peke yake, akazizungukia mara ya pili, na Husseini aliyekuwa akimfuata anasema uso wake ulipoteza wekundu ukawa kama wa mtu wa kawaida. Kisha alikaa ndani ya gari muda mrefu. Inafaa kumtendea haki hata yeye: alielewa upesi. Alielewa kwamba mlinzi alilegeza, na alielewa pia ni nani aliyempa spana mtu asiyemjua na kumfundisha kazi kwa maneno yasiyozidi kumi. Mambo hayo mawili hayakuwezekana kusemwa kwa wakubwa wake moja bila jingine. Alimwita Husseini.

Husseini alimfuata Bwanaheri kwenye nyumba ya mlinzi. Sikudhani alikuwa mlangoni, aliitwa asikie.

"Mzee wangu," alisema Husseini, "nisikilize vizuri. Kesho kuna baraza mbele ya Liwali. Bwana atakuuliza neno moja: maji? Weye utajibu neno moja: maji. Yeye atasema ni gharika, mambo ya Mungu. Daraja litanyanyuliwa, nyaya zi nzima. Na weye utabaki na kazi yako na nyumba yako."

"Nikijibu maji."

"Maji. Basi. Usiongeze."

"Na kamba?"

"Hukuzigusa. Weye ni mlinzi tu, hujui mambo ya kamba."

 Sikudhani alisema, "Atajibu maji. Ahsante, mwanangu." Usiku ule alilala kwenye nyumba ya bati kwa mara ya kwanza.

Barazani walijaa watu wa mji na wa ng'ambo. Bi Mwajabu alikuja na kikapu cha mchele na jogoo amefungwa miguu, ameketi navyo mbele. Doto alikuwapo, mkono umefungwa kitambaa. Liwali alifungua mkutano, Bwana Futi akasimama.

"Maji mingi," alisema, akimtazama Bwanaheri kama mtu anayemwonyesha mwenzake mlango. "Maji mingi sana, eh?"

"Maji yalikuwa mengi, Bwana," alisema Bwanaheri.

Ilitosha. Husseini alikwisha geuza uso. Liwali alikuwa anakusanya joho lake. Ndipo Doto, ambaye alikuwa amepoteza magunia na hakuwa amepoteza mdomo, akasema kutoka nyuma:

"Mlinzi wa kamba! Kumbe hujui hata kuwalinda. Maji yamekuja yakawachukua wote!"

Watu walicheka, si sana. Sikudhani anasema alimwona mumewe akivuta pumzi, na alijua papo hapo.

"Maji yalikuwa mengi," Bwanaheri alirudia, na sauti yake ilikuwa imepanda, "lakini maji si kitu kwa anayejua. Miye nililegeza! Nililegeza tangu mvua ya kwanza, kila siku. Nisingelegeza mimi, zingekatika zote, na lori lingekuwa baharini sasa hivi. Daraja limeinama, ndiyo. Mmeona waya uliokatika? Hata mmoja? Huo ndio unahodha. Nyinyi mnacheka hamjui kamba."

Bwana Futi alimtazama Husseini.

"Anasema ni maji, Bwana," alisema Husseini.

Lakini Bwana Futi alilijua neno kamba, na mwenyewe ndiye aliyemfundisha Bwanaheri neno legea. Mji mzima ulikuwa umesikia. Hakuwa na pa kujificha tena, na aliyemnyima maficho alikuwa amesimama mbele yake kifua mbele.

"Nani legeza?" aliuliza taratibu.

"Miye, Bwana."

"Nani ambia wewe legeza?"

"Haambiwi nahodha."

Bwana Futi alinyoosha mkono kutaka spana. Bi Mwajabu alisimama hapo hapo kabla spana haijatoka begani.

"Liwali, na nyinyi wazee, nisikilizeni," alisema. "Kama kalegeza, kalegeza, sijui mambo hayo. Ninalojua ni kwamba nilikuwa naliwa na mto, na wanaume wa mji huu wamejipanga kama wanaotazama ngoma. Mtu huyu aliingia kwenye tope la mamba akanibeba mgongoni. Mtu kama huyo hafukuzwi. Mpeni kazi nyingine, mwacheni na nyumba. Nawaombeni."

Kukawa na mnong'ono, na ulikuwa mnong'ono mzuri. Liwali aliinua kichwa. Hata Doto alisema, "Hilo ni kweli, nililiona." Bwana Futi alimwuliza Husseini kwa Kiingereza, na safari hii Husseini alitafsiri neno kwa neno, na Bwana Futi akashusha mkono wake.

"Bwanaheri," alisema Liwali, "ulimbeba mama huyu?"

Kujibu ndiyo kulikuwa rahisi, na ingekuwa kweli. Lakini anayebeba watu mgongoni ndani ya matope katika delta ni mtu wa aina gani? Ni kuli, mpagazi, mfua ngama. Nahodha hubebwa yeye, aletwe nchi kavu bila kulowa viatu. Bwanaheri aliwatazama watu wote waliomwita nahodha kwa miaka yote ile.

"Hakuwa miye," alisema. "Miye sibebi watu. Labda ni mmoja wa makuli."

Hapana aliyecheka. Liwali alitazama chini. Bi Mwajabu alibaki amesimama, kikapu miguuni pake, kama mtu aliyepigwa kofi na mgonjwa.

Bwana Futi alichukua spana.

Jioni, kwenye mitumbwi, Bi Mwajabu hakutaka kurudi Mtawanya na shukrani aliyokuja nayo. Alimtafuta Sikudhani, aliyekuwa amekwisha funga vyombo vyake, akampa kikapu na jogoo. Bwanaheri alisimama hapo kando, mikono nyuma. Sikudhani alipokwisha kukaa mtumbwini alimgeukia.

"Baba Zena, mchele huu ni wa mtu aliyembeba Bi Mwajabu. Ukimpata, mwambie aje Mbwera. Tutampikia."

Mtumbwi ukaondoka. Daraja lilinyanyuliwa baada ya masika, na mlinzi mpya, mtu wa Kibiti asiyejua kamba hata kidogo, anakaa kwenye nyumba ya bati na mkewe. Bwanaheri anaishi chini ya paa lake la zamani, na ukimpa nafasi kwenye benchi la kahawa atakueleza kwamba bila yeye nyaya zingekatika. Kutoka hapo hadi Mbwera, mtu akianza kwa mtumbwi maji yanapokupwa, hufika kabla ya chakula cha mchana. Hajaenda.